Samaki wa Kuanzia: Somo kwa Chumba na Familia Isiyozoea Samaki

Somo la leo ni la jikoni, lakini ni la mfuko pia. Tunazungumza na wewe uliyekulia bara, kwenye ugali na mboga, maharage, maziwa na nyama ya siku moja moja, ambaye samaki ulimwona sokoni tu ukapita ukiziba pua. Tunazungumza pia na wewe wa pwani au wa ziwani unayeishi chumba kimoja na wenzako watano wasiotaka hata kusikia harufu ya samaki kwenye sufuria la pamoja.

Mbona samaki kwenye ukurasa wa akiba? Kwa sababu chakula ndicho mahali pesa inapovuja bila mtu kuona. Kodi unaijua, ada ya kutuma unaijua, lakini riyali 15 za leo na 15 za kesho kwenye mlango wa hoteli huzikumbuki mwisho wa mwezi. Chumba chenye vyakula vinne vya kubadilisha kinakula ndani. Chumba chenye chakula kimoja tu kila siku huchoka, na watu wakichoka wanaagiza nje.

Somo hili lina watu watatu: anayeishi chumba chenye jiko, dada anayefanya kazi nyumbani kwa watu na kuambiwa apike samaki ambaye hajawahi kumgusa, na familia iliyobaki nyumbani inayokula pesa unayotuma. Tutaanza na yanayowahusu wote.

Uoga wa samaki si jambo la aibu

Watu wa bara wanakataa samaki kwa sababu nne hivi: shombo, miba, macho yanayowatazama kwenye sahani, na yale maneno ya wazee kwamba samaki ni ndugu ya nyoka. Tusiwacheke. Ulimi unapenda kilichoonjwa utotoni. Mtu ambaye mama yake hakupika samaki hawezi kumpenda kwa kuambiwa tu kwamba ana faida mwilini.

Serikali zetu zimelijua hili siku nyingi. Kituo cha samaki cha Sagana, kule Kenya ya kati, kilianzishwa mwaka 1948, mbali kabisa na bahari na ziwa. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wa mabwawa ya samaki, 200 kwa kila jimbo katika majimbo 140 ya bunge, mengi yakiwa sehemu ambazo watu hawakuwa na desturi ya kula samaki. Kuchimba bwawa ikawa rahisi kuliko kubadilisha mlo. Samaki alikua, lakini mama wa nyumbani alikuwa bado hajaonyeshwa jinsi ya kumpika.

Na hata wala samaki wenyewe hujifunza upya. Sangara alipojaa Ziwa Victoria miaka ya 1980, watu wa ziwani, waliokula samaki tangu kale, walimlalamikia: ana mafuta mengi, hapikiki kama ngege. Baadaye wakajua namna yake, wakamkaanga kwa mafuta yake mwenyewe, na leo anasifiwa. Kwa hiyo ulimi hufundishika. Unafundishwa kwa samaki laini asiye na ladha kali, kwa viungo ambavyo mtu tayari anavijua, na bila kulazimishwa.

Mfuko kwanza: tusidanganyane

Hapa Saudia samaki si lazima awe rahisi kuliko kuku. Kuku wa barafu ni bei nafuu sana, na kuna wiki atamshinda samaki. Kwa hiyo usimwondoe kuku. Samaki anaokoa pesa akichukua nafasi ya vitu viwili: nyama nyekundu, na chakula cha kununua nje.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei weka zako mwenyewe, maana zinabadilika. Tuseme chumba ni watu 6 na sahani ya nje ni riyali 15. Wote wakila nje jioni moja, ni riyali 90. Sasa tuseme mmenunua kilo 2 za minofu ya barafu kwa riyali 16 kilo: hapo ni 32. Mchele, kitunguu, nyanya na mafuta tuseme 14. Jumla 46, yaani chini kidogo ya riyali 8 kwa mtu. Kila mmoja ameokoa riyali 7 na kitu. Mara mbili kwa wiki, kwa mwezi ni karibu riyali 58 kwa kila kichwa, na kwa mwaka ni karibu 700. Riyali imefungwa kwenye dola kwa 3.75, kwa hiyo hizo ni zaidi ya dola 180. Hiyo ni karo ya mtoto, au mabati kadhaa ya nyumba.

Lakini angalia mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni miba. Samaki mzima wa kilo moja akitolewa minofu mitupu, unabaki na karibu theluthi moja tu. Riyali 14 kwa kilo ya samaki mzima ni kama riyali 42 kwa kilo ya nyama tupu. Ukimpika mzima unakula zaidi, kwa sababu shingo, kichwa na mbavu navyo vinalika, lakini asiyezoea havili hivyo. Kwa wageni wa samaki, minofu inaweza kuwa nafuu hata kama bei iliyobandikwa inaonekana kubwa.

Mtego wa pili ni barafu. Minofu ya barafu hufunikwa ganda la barafu ili isikauke. Sawa, lakini ganda likiwa asilimia 20 ya uzito, kilo yako ni gramu 800, na ile riyali 16 imekuwa 20. Tafuta kwenye pakiti maneno *al-wazn as-safi*, yaani uzito halisi. Pakiti ikikosa maneno hayo, iyeyushe, mwaga maji, kisha ipime mara moja tu. Ukishajua, hutadanganywa tena na kampuni ileile.

Samaki gani wa kuanzia?

Neno letu samaki lenyewe ni la Kiarabu, *samak*, kwa hiyo dukani umeshafika nusu ya safari. Majina ya aina ndiyo ya kujifunza. Hawa hapa, kuanzia mpole hadi mwenye ladha nzito.

*Bulti.* Huyu ni sato, ngege, perege, yaani tilapia. Nyama nyeupe, ladha ndogo, miba mikubwa inayoonekana. Anapatikana mzima na minofu, Riyadh na Jeddah. Kwa mtu wa Kenya, Uganda na Tanzania, ndiye mlango wa kuingilia. Wakati mwingine ana harufu ya tope, ambayo tutaitoa.

*Minofu ya basa.* Inatoka Vietnam, ni nyeupe, laini, haina miba wala harufu, na mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kabisa. Ina maji mengi na protini pungufu kidogo kuliko sato, kwa hiyo usijisifu nayo sana. Na jambo muhimu: basa ni jamii ya kambale, hana magamba. Wenzetu Wasabato wengi hawali samaki asiye na magamba, basi waulize chumbani kabla ya kununua. Ukikuta wanakataa, nunua minofu ya bulti.

*Shaur* wa Jeddah na *sheri* wa upande wa Ghuba. Hawa ni jamii ya changu. Nyama nyeupe, tamu, imara kwenye mchuzi. Ni hatua ya pili, ulimi ukishatulia.

*Sijan*, ambaye wa Ghuba humwita *safi*. Huyu ni tasi wetu. Mtamu, lakini miiba ya mapezi yake ina sumu inayouma vibaya. Mwambie muuzaji ayakate kabla hujamshika.

*Kanad*, au *dirak* kwa watu wa Jeddah. Ni nguru. Hukatwa vipande vya mviringo, mfupa mmoja katikati, lakini ladha yake ni nzito na bei yake hupanda. Si wa kuanzia.

*Hamur* ni chewa, na *najil* ni ndugu yake mwekundu. Watamu sana, wapole sana, na bei zao zinajua hivyo. Waache kwa siku ya harusi, au siku madam ananunua kwa pesa yake.

Na chumba chenye Waislamu na Wakristo kina nafuu nyingine hapa: samaki hahitaji kuchinjwa, kwa hiyo swali la nani alichinja halipo. Sufuria moja linatosha wote.

Jeddah si Riyadh

Jeddah iko juu ya Bahari ya Shamu. Soko kuu la samaki, ambalo wengi wanaliita Bangala, linauza samaki wa siku hiyo, na mafundi wa kumparua na kumpasua wapo hapohapo. Ukienda asubuhi unachagua. Ukienda kabla ya kufunga, bei inalegea, lakini samaki amekaa saa nyingi. Tazama vizuri kabla ya kufurahia.

Riyadh iko jangwani. Dammam kuna karibu kilomita 400, na Jeddah kuna zaidi ya 900. Kila samaki wa baharini unayemwona pale amesafiri kwenye barafu. Si vibaya, ila maana yake ni kwamba minofu iliyogandishwa vizuri mara nyingi ni bora kuliko samaki anayeitwa *taza*, yaani mbichi, ambaye amekaa siku nne akimwagiwa maji. Kwa chumba cha Riyadh tunashauri muanze na barafu, msione haya.

Ukiwa na samaki mzima mbele yako, kagua hivi. Jicho liwe angavu na limejaa, lisiwe limezama na kuwa kama limemwagiwa maziwa. Fungua mashavu: ndani pawe pekundu, pasiwe kahawia. Bonyeza nyama kwa kidole: irudi juu. Nusa: anuke bahari au maji, asinuke mkojo. Mojawapo ikikataa, weka chini uende zako.

Kwenye pakiti ya barafu, tazama tarehe ya *intiha*, yaani mwisho wa matumizi. Chembe kubwa za barafu ndani ya mfuko, au vipande vilivyogandamana kama tofali moja, ni dalili kwamba iliyeyuka ikagandishwa tena. Acha.

Maneno ya kukusaidia: *Bikam al-kilo?* ni kilo bei gani. *Naddif* ni msafishe. *Bidun shok* ni bila miba. *Thalj* ni barafu. Omba ya kubebea. Bei ya dukani huwa tayari ina kodi ya asilimia 15 ndani yake, kwa hiyo usiogope kuongezewa mlangoni.

Joto la huku halisamehi

Hapa tusikilizane vizuri, maana akiba ya mwezi mzima inaweza kuisha kwa siku mbili za kuumwa na kukosa kazi.

Samaki akikaa nje ya friji, mpaka wake ni saa mbili. Joto likizidi nyuzi 32, ni saa moja tu. Na kiangazi cha Riyadh kinapita nyuzi 40. Kwa hiyo samaki ni kitu cha mwisho kununua kabla ya kurudi, sio cha kwanza. Beba kwenye mfuko wa kuhifadhi baridi au ndoo yenye barafu. Ukiwa unasubiri basi la kampuni nusu saa juani, nunua siku nyingine.

Kwa kaka zetu wa saiti: kati ya Juni 15 na Septemba 15 kazi za juani zimekatazwa kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, na wengi hula mlo wao mkuu muda huo. Chakula ulichofunga alfajiri kimekaa saa saba kwenye kontena. Samaki asiwemo humo. Samaki ni wa chakula cha jioni, chumbani, moto moto. Saiti peleka maharage yaliyochemka na chapati, na kama pana friji ya uhakika basi sawa.

Kuna sumu moja inayotokea kwa nguru, jodari na dagaa wa baharini wakiachwa kwenye joto. Uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha, tumbo linavuruga. Sumu hiyo haifi kwa kupikwa. Ukaange utakavyo, ipo. Ndiyo maana tunasema asiye na barafu asinunue samaki hao.

Tena, asiyewahi kula samaki hajui kama mwili wake unamkataa. Mara ya kwanza ale kipande kidogo, asubiri. Mdomo ukivimba, akiwashwa mwili mzima au pumzi ikibana, hiyo ni dharura: piga 997, msisubiri asubuhi.

Kutoa shombo

Samaki wa baharini hanuki akiwa hai. Harufu huja baada ya kufa, kadiri anavyokaa, na asidi ya ndimu huituliza. Harufu ya tope ya bulti nayo hupungua kwa asidi. Kwa hiyo fanya hivi.

Iyeyushe minofu ndani ya friji usiku kucha, sio juu ya meza. Suuza kwa maji baridi. Paka chumvi kijiko kimoja na ndimu mbili kwa kilo. Acha dakika 10 hadi 15, usizidishe, maana ndimu ikikaa sana nyama inakuwa kama imeshapikwa na itakatikakatika. Suuza tena haraka, kisha kausha kwa kitambaa au karatasi mpaka isilowe. Kukausha ndiyo siri. Samaki mwenye maji huruka mafuta, hushika kwenye kikaango, na kunukisha nyumba nzima.

Samaki mzima, toa mashavu yote na ngozi ile nyeusi ndani ya tumbo. Huko ndiko uchungu unakojificha.

Na kwa harufu ya chumba: pika dirisha likiwa wazi, osha sufuria palepale, maganda ya ndimu yachemshe kwa maji dakika tano. Mfuko wa miba utoke nje usiku huohuo. Wenzako wakilala na harufu, hawatakubali mara ya pili.

Ngazi tatu za mapishi

*Ngazi ya kwanza: vipande vya kukaanga.* Kata minofu vipande virefu kama vidole viwili. Tia kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, bizari kidogo na chumvi. Viringisha kwenye unga wa ngano au wa mahindi. Kaanga kwa mafuta ya moto, dakika 3 kila upande, mpaka vipate rangi. Leta na ugali, kachumbari na ndimu. Hakuna jicho, hakuna mba, na unga umefunika kila kitu. Mtu anakula kwanza, anauliza baadaye. Lakini usimfiche: mwambie ni samaki. Ukimdanganya mtu chakula, hatakuamini tena kwenye sufuria.

*Ngazi ya pili: mchuzi.* Kaanga kitunguu, saumu, nyanya nne, tia kijiko cha nyanya ya kopo, bizari, pilipili hoho. Uache uive mpaka mafuta yatengane na nyanya. Ndipo uweke samaki, juu kabisa, ufunike dakika 8 hadi 10. Usikoroge na mwiko, tikisa sufuria. Wageni wengi wa samaki huharibu hapa: wanampika kama nyama ya ng'ombe, nusu saa nzima, anayeyuka, kisha wanasema samaki ni mbaya. Nyama ikiwa nyeupe isiyopitisha mwanga na ikibanduka kwa uma, ameiva. Zima. Tui la nazi likiwepo, litie mwishoni.

*Ngazi ya tatu: samaki mzima.* Bulti wa kukaanga, amechanjwa mbavuni ili chumvi iingie. Mfundishe mgeni kula: aanzie mgongoni, abandue nyama kutoka katikati kwenda juu, kisha upande wa tumbo, kisha anyanyue uti wote mara moja. Mba ukimkwama kooni asimeze tonge kubwa la ugali kuusukuma kama tulivyofundishwa zamani, maana unaweza kuuchoma ndani zaidi. Akohoe, na usipotoka aende hospitali.

Ukipita ngazi tatu, uko tayari kwa *sayadiya*, wali wa samaki wa Jeddah, ambao jina lake linatokana na *sayyad*, mvuvi. Kitunguu kingi kinakaangwa mpaka kiwe kahawia iliyokolea, kinatiwa maji na bizari nyembamba, mchele unapikwa humo na kupata rangi yake, samaki wa kukaanga anawekwa juu. Kwa mtu anayejua pilau, huyu si mgeni.

Dada unayefanya kazi nyumbani kwa watu

Kwako somo hili ni la kazi pia. Wengi wenu mmetoka bara, na siku ya pili tu madam ameweka mfuko wa samaki juu ya meza, anangoja. Usijifanye unajua. Uliza mambo matatu kabla hujashika kisu: ni wa kukaanga, wa kuoka au wa wali, kichwa kibaki au kitoke, na watoto wanakula bila miba? Maswali hayo hayakupunguzii heshima. Samaki aliyeharibika ndiye anayeleta maneno.

Vaa glavu, paruaa magamba kuanzia mkiani kwenda kichwani, ndani ya sinki lenye maji ili yasiruke. Kisu na ubao wa samaki visiguse saladi mpaka vioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Sayadiya hupendwa na *dakkus*, ile nyanya ya kusaga na pilipili na saumu. Jifunze na hiyo.

Kama hutaki kula samaki wao, una haki ya kusema kwa adabu na kula kingine. Lakini onja kidogo unapopika. Mpishi asiyeonja hapiki, na dada anayejua samaki vizuri ana neno la kusema siku ya kuzungumzia mkataba mpya.

Familia ya nyumbani

Sasa tuvuke bahari. Umezoea samaki huku, unataka watoto wale kule Nyeri, Mbale, Eldoret au Dodoma. Ukipiga simu na kusema tu "kuanzia leo mle samaki", bibi atanunua mara moja, mtoto atatapika, na biashara imeisha.

Kwanza, usitume pesa ya pili kwa ajili ya samaki. Kila utumaji una ada, na ada hiyo ina kodi ya asilimia 15 juu yake. Iwe ndani ya pesa ileile ya mwezi, na isiongeze bajeti. Mwambie msimamizi wa nyumba: nyama ya Jumamosi mbili kati ya nne igeuke samaki. Nyama ya Jumamosi mbili nyingine ibaki. Hapo hakuna anayenyang'anywa kitu.

Pili, waanze na minofu au vipande vya mgongo vya sato, vya kukaanga, kwa viungo vilevile vya nyama yao ya siku zote, na ugali na mboga vilevile. Kitu kimoja tu kiwe kipya kwenye sahani. Mtoto mdogo achambuliwe kwa vidole, mtu mzima apapase nyama yote kutafuta miba kabla ya kumpa. Akikataa, asilazimishwe, aone wengine wakila, na ajaribiwe tena wiki nyingine. Mara nyingi mtoto hukubali baada ya kuonja mara kadhaa, na hiyo ni kwa chakula chochote.

Tatu, dagaa baadaye. Wakenya wanaita omena, Waganda mukene. Ndiye samaki wa bei ya chini kabisa kwetu, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, mtoto anapata kalisi ambayo minofu haina. Lakini ana harufu kali na uchungu, kwa hiyo ukianza naye unamfukuza mtu. Akija zamu yake: atolewe vichwa, aoshwe maji ya moto mara mbili, akaushwe kwenye sufuria bila mafuta mpaka anukie, ndipo akaangwe na kitunguu na nyanya. Maziwa kidogo au karanga ya kusaga mwishoni hufuta uchungu. Wanunue walioanikwa juu ya chanja au nyavu, wasiwe wa kwenye mchanga, maana mchanga hautoki wote.

Mama mjamzito na watoto wadogo wapewe samaki wadogo na wa kati, kama sato na dagaa. Wale wakubwa wawindaji, kama papa na nguru mkubwa, hukusanya zebaki mwilini, wasiwe chakula chao.

Zoezi la mwezi

Chukua daftari lenu la chumba. Wiki ya kwanza, andikeni kila riyali ya chakula cha nje, bila kubadilisha kitu. Wiki ya pili, jioni moja ya vipande vya kukaanga, nusu kilo tu, kuku awepo pembeni kwa asiyetaka. Wiki ya tatu, mchuzi, jioni mbili. Wiki ya nne, bulti mzima kwa anayeweza, vipande kwa asiyeweza. Kila jioni andikeni gharama ya kichwa kimoja na idadi ya waliokula.

Mwisho wa mwezi toeni wiki ya nne kwenye wiki ya kwanza. Tofauti hiyo itoke kwenye pochi siku ileile ya mshahara, iende kwenye akaunti ya akiba kabla ya kitu kingine. Ikibaki mfukoni italiwa, na haitaliwa kama samaki.

Kama tofauti ni ndogo, msikate tamaa, tazameni daftari: labda mlinunua barafu badala ya minofu, au mlipika cha watu 6 wakala 4. Daftari litawaonyesha. Na kama kuna mmoja aliyekataa mwezi mzima, mwacheni na kuku wake, alipe fungu lake la kuku. Chumba chenye amani kinaweka akiba kuliko chumba chenye samaki.